Siku Oveni Ilipojifunga

Oveni yangu inajisafisha yenyewe. Unazungusha swichi, mlango unajifunga, joto linapanda mpaka mafuta yaliyogandia ndani yanageuka majivu, na ikishapoa unapitisha kitambaa kibichi, kazi imekwisha. Wageni wakiiona wananipongeza. Hawajui kwamba siku ninayoiwasha hivyo, nyumba yangu inakuwa kama ina msiba: madirisha yote wazi, watu wote nje, mume wangu nje na kiti chake, mjukuu nje na madaftari yake, hata boksi la vifaranga nalitoa barazani, na inyeshe isinyeshe. Mume wangu huniambia, hiyo ni oveni, si bomu. Namwacha aseme.

Mwezi uliopita binti wa jirani, aliyeolewa juzijuzi, aliniomba nimfundishe kuitumia ya kwake. Nikamwambia afute mafuta kwanza, atoe trei na waya zote, afungue madirisha, atoe kila kiumbe kinachopumua, na mlango ukishajifunga asiuvute mpaka ufunguke wenyewe. Akaandika kwenye simu yake, akashukuru. Hakuuliza nilijifunzia wapi, nami sikumwambia. Ila harufu ya oveni yake ilipovuka uani kwangu, ile harufu ya sukari na mafuta vinavyoungua bila moto kuonekana, nilikaa jikoni mchana kutwa bila kufanya lolote.

Oveni yetu ya utotoni ilikuja nyumbani juu ya trekta la chai. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya ruksa, sabuni za kila rangi zilipojaa madukani, mitumba ikapanda mpaka kwetu milimani, na viwanda vikawa vinatafutiwa wenyewe wapya. Baba alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha chai. Mwenye kiwanda mpya alipofika alikuta nyumba ya wageni imejaa vitu vya zamani, akaamuru vitolewe nje. Baba akaiomba oveni. Waya zake mbili tatu zilikuwa zimekufa, akazifufua. Miezi michache baadaye na yeye akapewa barua ya kupunguzwa, pamoja na wenzake wengi. Alikuwa akisema kwamba yeye na oveni walitolewa kwa mlango mmoja, na watu walicheka, naye alicheka.

Tulikaa Bagamoyo, hii ya Tukuyu mjini, siyo ile ya pwani. Kwetu hakuna bahari, kuna mvua. Baba alipokosa kazi, mama ndiye aliyetulisha kwa oveni ile. Alioka mikate na skonzi, keki za kipaimara, na sikukuu zikifika watu walimletea nguruwe mzima mzima amchome. Nyumba ilinukia vizuri wakati wote. Sijawahi kukaa tena kwenye nyumba yenye joto kama ile.

Babu, baba yake baba, aliletwa kwetu kutoka Kinyala kwa sababu ya kifua. Kule kwake ukungu ulikuwa unaingia mpaka kitandani. Baba akampa chumba kilichopakana na jikoni ili ukuta wa oveni umpashe joto, na dirisha lake akalikaza kwa matambara upepo usipite. Ukuta wenyewe haukufika juu, kati yake na mabati kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Baba alisema hiyo ndiyo nzuri, joto litapita. Alifanya hivyo kwa upendo, na naomba hilo lieleweke.

Sasa, mama na babu walikuwa hawaonani. Siyo kwa ugomvi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hataji jina lake, hapiti alipopita yeye. Ndiyo ukutila. Wakristo wengi walikuwa wameshalegeza, wengine walikula naye meza moja. Babu, pamoja na kuwa mzee wa kanisa, hakulegeza. Na mama hakutaka alegeze. Mama alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, tena wa kike, mimi, na ukweni waliliona hilo na hawakuacha kulisema. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba alikosa heshima. Miaka yote ya ndoa yake babu hakuwahi kuuona uso wake, na maneno yaliyofanana na jina la babu mama aliyabadilisha hata kwenye kusali. Hata shangazi, dada yake baba, ambaye kazi yake kubwa duniani ilikuwa kutafuta kasoro za wake za kaka zake, hapo alifika akanyamaza. Hicho ndicho mama alichokuwa nacho kwenye ukoo ule. Hakuwa na kingine.

Mimi nilikuwa katikati yao. Nilipeleka chakula, nilirudisha sahani, nilibeba maneno. Babu akitaka kwenda msalani ilibidi apite jikoni, kwa hiyo alikohoa kwanza, na mama akisikia alitoka kwa mlango wa nyuma na kusimama kwenye migomba, mgongo ukiwa umeelekea nyumba. Babu akishapita, niliita: tayari, mama. Akirudi, vilevile. Nilikuwa darasa la tatu na niliipenda kazi hiyo. Niliamini kwamba watu wazima hukohoa kwa heshima tu, na kwamba kikohozi cha ugonjwa ni cha watoto. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijitungia mwenyewe, na niliamini kabisa.

Baba alipata kazi ya muda ya kutandaza nyaya Mbeya. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mama ile swichi ya kujisafisha, akamweleza yote ambayo mimi nilikuja kumweleza binti wa jirani, halafu akasema afadhali amngoje yeye arudi. Mama akaitikia. Angemngoja, kama si shangazi. Safari yake ya mwisho kwetu shangazi alifungua oveni, akapitisha kidole, akakitazama, kisha akaniuliza mimi, mama akisikia, kama humo ndani tunapika au tunafuga. Na sasa alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja Jumamosi kumwona baba yake.

Ijumaa niliporudi shule nilimkuta mama amepiga magoti mbele ya oveni na kisu. Alikuwa amekwangua tangu asubuhi. Mafuta ya nguruwe na sukari ya keki vilikuwa vimeungana vikawa kitu kimoja kigumu cheusi, kisu kilikuwa kinateleza tu juu yake. Kulikuwa na ukungu uliotanda mpaka mlangoni, ule wa mwezi wa saba. Mama akasimama, akanyoosha mgongo, akasema basi, tutaiwasha.

Akatoa trei zote na waya zote. Akafungua dirisha la jikoni. Ukungu ukaingia, na upande wa pili wa ukuta tukamsikia babu akijigeuza na kuvuta blanketi. Mama akalifunga dirisha. Akasema mzee atapigwa na baridi, tutalifungua baadaye kidogo. Ilibaki ile ya watu wote kutoka. Hapo mama alifikiri kwa muda, maana mkamwana hawezi kumwambia baba mkwe toka nje, na kumtuma mtoto akamwambie mzee toka nje kwenye ukungu ni utovu wa adabu uleule umevalishwa nguo nyingine. Mwishowe alinituma nikamuulize kwa upole kama angependa kwenda kuzungumza kidogo kwa jirani. Babu alikuwa amejifunika mpaka kidevuni. Alisema nimwambie mama ndaga fijo, ahsante sana, yeye yupo vizuri hapo alipo. Nikarudi nikasema, yupo vizuri.

Mama akazungusha swichi. Mlango ukalia kidogo ndani kwa ndani, ukajifunga. Kwanza kulikuwa na joto tu, joto zuri, nikaweka mikono yangu karibu. Halafu harufu. Halafu moshi mweupe ukaanza kutoka pembeni mwa mlango, ukapanda mpaka kwenye mabati na kuanza kutafuta njia. Macho yaliniwasha. Mama akajifunika mdomo kwa kanga, akaenda kufungua dirisha, na mkono wake ulikuwa umeshafika karibu na komeo.

Babu akakohoa.

Mama akaushusha mkono. Akageuka, akatoka kwa mlango wa nyuma kama siku zote, haraka, ameinamisha kichwa, akaenda kusimama kwenye migomba. Mimi nikatoka naye mpaka uani. Babu akakohoa tena, na tena. Sikuwahi kumsikia akikohoa hivyo, na nilidhani anasisitiza. Nilidhani labda mama hajaenda mbali vya kutosha, labda babu anauona upindo wa kanga yake. Nikamwambia asogee. Akasogea. Kikohozi kikazidi, nikamwambia asogee zaidi, akavuka mpaka kwenye migomba ya jirani, akasimama huko kwenye manyunyu, ametupa mgongo. Alinitii mimi, mtoto wa darasa la tatu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu kumwambia.

Kisha kikohozi kikakoma. Nguo zangu za shule zilikuwa zimelowa na nilisikia baridi. Sikuwa nimemwona babu akipita. Sikuwa nimeutazama mlango kabisa, nilikuwa namtazama mama. Lakini kikohozi kikikoma maana yake amepita, hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku, na nilitaka kuingia ndani.

Nikaita, "Tayari, mama."

"Amepita?"

"Amepita."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Mama akaja. Akafungua dirisha na milango, akazima umeme pale kwenye meni swichi, akauvuta mlango wa oveni nao ukakataa. Moshi ulikuwa mwingi. Akaniambia nikimbie chumbani kwa babu nikayatoe matambara dirishani, kipumue kabla hajarudi kutoka msalani. Nikaenda. Babu alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, amevaa kiatu kimoja, mkono mmoja ameunyoosha. Nilimtazama. Ningependa kuwaambia kwamba nililia au nilipiga kelele. Sikusikia kitu, kana kwamba aliyelala pale hakuwa babu yangu na aliyesimama pale hakuwa mimi. Nikarudi jikoni nikasema babu yupo. Mama akauliza yupo wapi. Nikasema, chini.

Mama alisimama na kitambaa mkononi. Alitazama mlango wa kile chumba, ambao tangu babu ahamie hakuwahi kuuvuka, na nikaona midomo yake inacheza. Kisha akaweka kitambaa mezani, akakikunja vizuri kabisa, akaingia.

Alimshika babu chini ya makwapa na kumburuta mpaka uani, akakaa matopeni na kumwegemeza kifuani mwake, uso wa mzee ukiwa umeelekea mvua. Muda ukapita. Babu akavuta pumzi moja mbaya, halafu nyingine, halafu akafungua macho. Akamwona mama. Akayafunga tena, na hata mimi nilijua kwamba hayakujifunga kwa ugonjwa. Mama naye akageuzia uso wake upande. Wakakaa hivyo, amemshika kwa nguvu zake zote na wote wawili wakitazama pembeni, mpaka majirani walipokuja. Mtu mmoja alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi, wakamlaza humo kumpeleka hospitali.

Babu hakufa. Naliandika mapema msije mkalingoja.

Shangazi alifika Jumamosi kama alivyosema, akapitiliza hospitali. Baba akafika usiku huohuo, na Jumapili baada ya ibada wakakaa sebuleni kwetu: baba, shangazi, na baba mkubwa kutoka Kisondela. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mimi nilikuwa nagawa chai. Hakuna aliyepaza sauti, na ingekuwa afadhali wangepaza. Baba mkubwa alimuuliza mama aliingiaje chumbani kwa mkwe wake. Mama akasema aliona mzee ameanguka. Akamuuliza oveni je. Mama akasema ndiyo, aliiwasha yeye, na dirisha alilifunga yeye. Akamuuliza kwa nini hakwenda mzee alipoanza kukohoa. Mama akasema alidhani anapita, kwa hiyo akampisha.

"Na nani aliyekuambia ameshapita?"

Nilikuwa nimeshika trei. Kulikuwa na vikombe vitatu juu yake. Mama hakunitazama. Alitazama mkeka.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilichoka na mvua, nikarudi."

Baba akanigeukia. Alijua kazi yangu nyumbani pale, kila mtu aliijua. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Atu, ni kweli hukumwambia?"

Nikasema ni kweli. Shangazi akapumua kwa pua. Mama akaniambia, bila kunitazama bado, nikaongeze maji ya moto, nikatoka na trei yangu.

Babu alipopata nafuu shangazi alimchukua moja kwa moja mpaka Kinyala, na kwetu hakurudi tena. Aliishi mpaka mahindi yakavunwa mara mbili. Oveni haikuwashwa tena, mama alirudi kwenye mkaa na maandazi. Hakufukuzwa, watu wa kwetu hawafukuzi. Ila tukienda kwenye shughuli za ukoo, wakamwana wenzake wakiwa wanamenya ndizi na kugombania masufuria, yeye alivutiwa kiti na kuambiwa pumzika, wewe ni mgeni. Kila mwaka, pumzika. Aliketi na mikono yake mapajani, mpishi kuliko wote waliokuwa pale. Kwenye maziko ya babu walimweka na akina mama wa kanisa. Niliona yote hayo, na kila mara nilijiambia nitasema, na kila mara nilingoja nisikie kitu ndani yangu kinisukume, na ndani palikuwa kimya. Watu walinisifu kwa utulivu. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, na bado walikuwa wakinisifu kwa utulivu. Mama hakuniuliza hata siku moja, wala hakunitazama vibaya. Tulizungumza juu ya unga na mvua na watoto wangu. Kisha akaugua, na kwenye kitanda cha ugonjwa nilikaa naye siku tisa na sikusema, akafa.

Baada ya arobaini nilipanda bodaboda kwenda Kinyala kwa shangazi. Amezeeka sana sasa, anaona kwa jicho moja. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba na beseni la ndizi. Nikamwamkia, akanionyesha kigoda, nikamwambia yote palepale kabla sijakaa: kwamba mama hakurudi kwa kuchoka na mvua, kwamba niliita, nikaulizwa mara mbili na mara mbili nikadanganya, kwamba sebuleni nikadanganya tena.

Shangazi hakuacha kumenya.

"Tulijua," akasema. "Babu yako alituambia hospitali, Jumamosi ileile, kwamba hakutoka mle chumbani. Na mwenye kusema amepita alikuwa mmoja tu, wewe."

Nilimuuliza kwa nini basi walimwacha mama aibebe miaka yote ile.

"Alituomba. Ulipotoka na trei yako alipiga magoti pale kwenye mkeka. Akasema mtoto asiulizwe tena, aibu hiyo yeye ataiweza, mtoto haiwezi. Hakuwahi kutuomba kitu kabla ya hapo, wala baada." Akatupa ganda. "Na mimi ilinifaa, sitakudanganya. Nilikuwa nimemtafutia kosa muda mrefu."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilingoja nilie, nikangoja sana, na shangazi naye aliona kwamba nangoja. Mwishowe akapapasa chini ya beseni akatoa kisu cha pili, akanipa, tukamenya.